Rais wa Mifuko ya Mkate

San Isidro, Guimaras
9 Januari

Manang Charing,

Sisi huku wazima, na wewe ukiwa mzima huko Hong Kong basi nusu ya barua imeshakwisha. Delfa mke wangu anakusalimu. Amenenepa na amenikataza kukwambia. Nanay hajambo kabisa. Anakula, anasali, anagombana na jogoo wa jirani. Anaomba tu barua zako uziandike kwa herufi kubwa kidogo, na kwa wino mweusi. Usiniulize kwa nini, mama zetu wakizeeka wanakuwa na matakwa yao.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa tano tunachagua rais, na mdogo wako ameamua kutabiri tena. Cheka, nakupa nafasi.

Umemaliza? Najua rekodi yangu. Mara ya kwanza nilisema sokoni, nimesimama juu ya kreti ya soda, kwamba yule mwanajeshi atashinda. Walikuwa wagombea watano, akawa wa tano. Mara ya pili nilimtabiria ushindi mtu aliyekuwa amejitoa siku tatu kabla, nami sina habari kwa sababu redio yangu ilikuwa kwa fundi. Kwenye uchaguzi wa kijiji nilisema mjomba wake Delfa hana mpinzani. Alipata kura nne, na nyumbani kwake wapo watu wazima tisa.

Sifa zangu zimevuma hadi wakubwa wamezisikia. Juzi alikuja dukani Boyet, mpambe wa Meya wetu wa zamani Salcorin, ambaye sasa ndiye anayempigia kampeni Seneta Arrozal wilaya nzima. Akanikumbatia.

"Kaka Nestor, mwaka huu unamtabiria nani?"

"Bado sijaamua."

"Basi tunakuomba sana, mtabirie Jaji Monteclaro. Tena kwa sauti, palepale sokoni."

"Kwani ninyi si watu wa Arrozal?"

"Ndiyo maana."

Nimeumia, Manang dada yangu, sikufichi. Kwa hiyo mwaka huu natumia sayansi. Kila asubuhi watu wananunua pandesal, mikate yetu midogo, kwangu kabla hata hawajanawa uso. Nimeleta mifuko ya karatasi ya rangi tatu kutoka Iloilo: kijani ya Arrozal, njano ya Jaji Monteclaro, na nyekundu ya yule mwanamuziki ambaye hatashinda (huo si utabiri, ni huruma). Mteja anachagua mfuko, mimi nahesabu. Kichwa changu hakitahusika popote.

Nanay anauliza kila Jumapili tukitoka misa: Charing anarudi mwaka huu? Ni miaka kumi na miwili sasa. Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Nestor


Hong Kong
1 Februari

Toto,

Salamu zenu zimefika na unga kidogo ndani ya bahasha, kwa hiyo nimejua uliandika ukiwa kazini. Mwambie Delfa habari za unene wake sijazisikia. Herufi hizi zinatosha? Najiona kama naandika ubaoni, darasa la kwanza. Na hiyo ya wino mweusi hujanieleza.

Mimi niko hivyo hivyo. Bi Kwok ninayemtumikia ametimiza miaka tisini na moja na bado ananipigia kelele kwa lugha ambayo nimekataa kuielewa vizuri, kwa afya yangu. Nikitoka sokoni ananihesabia karoti. Akimaliza anahesabu tena. Mimi, mwalimu wa hesabu miaka kumi na mitano, nimesimama jikoni nimefumbata mikono, naomba Mungu zitimie.

Jumapili tunakaa uwanjani juu ya maboksi kama kawaida, sote wanawake wa kwetu, na siku hizi ni siasa tu. Sisi wa nje hatupigi kura, ndiyo maana tuna uhakika sana. Wiki iliyopita tulikuwa thelathini na mmoja tukanyoosha mikono, zikapatikana kura arobaini. Kumbe wengine walinyoosha mara mbili ili wasimuudhi aliyekaa karibu yao.

Na hilo ndilo litakalokuumbua wewe na sayansi yako. Watu wa kwetu hawawezi kumwambia mtu hapana usoni. Pandesal zako zina chumvi nyingi tangu siku ulipofungua duka. Kuna aliyewahi kukwambia? Mtu atachukua mfuko anaodhani unaupenda wewe, akifika nyumbani atafanya lake.

Umeniuliza umjibu nini Nanay. Mjibu hivi. Jaji Monteclaro akishinda, narudi mwezi wa Juni, na sirudi tena huku. Arrozal akishinda, Salcorin atakuwa mungu mdogo wa wilaya kwa mara nyingine, na mimi siwezi kupita barabara moja na yule mtu. Sababu unaijua. Sitaiandika, maana barua zangu zinasomwa na Nanay.

Kwa hiyo hesabu mifuko yako vizuri, mwanasayansi.

Manang wako,
Charing


San Isidro
12 Machi

Manang Charing mpendwa,

Huku baraka tupu! Nanay mzima, Delfa mzima, tanuri zima. Barua yako nilimsomea Nanay mwenyewe, kwa sauti, kwa kuwa siku ile alikuwa amechoka.

Sina muda wa kukuzungusha: Jaji anaongoza! Na si kidogo. Kwa wiki mbili nimeuza mifuko 620, Delfa ndiye aliyehesabu iliyobaki kabatini, kwa hiyo hakuna ubishi. Matokeo ni haya:

Njano, Jaji Monteclaro: 409
Kijani, Arrozal: 214
Nyekundu, mwanamuziki: 97

Nimeziandika namba hizi mara tatu ili zikae sawa. Unaona? Hata ukitoa wale wanaochagua kwa heshima, hata ukitoa wale ambao bado wana usingizi, Jaji yuko mbali. Bi Tinay wa pale kona, unamkumbuka, ulimfundisha mwanawe, asubuhi anakuja wa kwanza kabisa.

"Nipe pandesal kumi, Nestor."

"Mfuko gani, Bi Tinay?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Huu ni wa rais."

"Rais atakula mikate yangu?"

Ni vigumu kupata maoni ya huyu mama, lakini wengine wote wako wazi.

Basi mimi ningekuwa wewe ningeanza kufunga mizigo. Tiketi za Juni huwa zinaisha mapema. Usingoje Mei, Manang, kwa nini ungoje jambo ambalo limeshaonekana? Nimemwambia Nanay unakuja. Alilia kidogo halafu akaomba apelekewe kitambaa chake kizuri, kile cha bluu. Nilipompa akauliza kama ni chenyewe.

Njoo tu.

Nestor


Hong Kong
30 Machi

Nestor,

Natumaini wote hamjambo.

409, 214 na 97 ni 720. Umesema umeuza mifuko 620.

Nilijumlisha nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikajumlisha tena juu ya meza ya Bi Kwok, nikajumlisha mara ya tatu kitandani. Nilitaka sana niwe nimekosea mimi. Nilikuwa nimeshakwenda kuulizia tiketi, Toto. Nilikuwa nimemnunulia Nanay viatu.

Umeongeza mia moja. Katika namba zote duniani ukaongeza mia moja. Umeisahau au umefanya kusudi? Mwaka niliposimamia kura, Salcorin alipata kura arobaini na tatu katika darasa langu, zikasomwa moja moja kwa sauti na kila mtu akasikia, na karatasi iliyotoka na saini yangu chini ikasema mia moja arobaini na tatu. Kwa ajili ya hiyo mia moja mimi nahesabiwa karoti. Unadhani sitaitambua nikiiona?

Haya, nimeiandika. Kama Nanay atasoma, na asome.

Na hebu niambie ukweli wa mambo mawili. Kwanza, mifuko ilitoka vipi? Pili, kwa nini wewe ndiye unayemsomea mama barua? Nanay amesoma gazeti kila siku ya maisha yake na kutusahihisha sisi.

Charing


San Isidro
9 Aprili

Manang,

Sina salamu za kutanguliza. Nina aibu ya kutosha kujaza ukurasa, lakini nitajibu kwa mpangilio kama ulivyotufundisha.

Mifuko. Kijani ilikuwa 414, njano 109, nyekundu 97. Nikatoa mia mbili kwa Arrozal na kuongeza mia tatu kwa Jaji. Hata wizi siujui. Mwizi mwenye akili angeongeza kiasi alichotoa, kisha angekaa kimya, wala asingejisifu kwamba hakuna ubishi. Na ninamdanganya nani? Mwalimu wa hesabu.

Halafu sikiliza jinsi nilivyoumbuka mara ya pili. Juma lililopita nilikwenda kwa baiskeli mpaka kwenye mashamba ya juu. Si unajua wakati huu embe changa zinavishwa karatasi ili nzi wasizitoboe, na mwaka huu magazeti yameadimika. Nikakata kona nikasimama. Miti yote ilikuwa ya mifuko yangu. Kijani, kijani, kijani, kila embe na mfuko wake, juu mpaka kileleni. Nikamkuta Bi Tinay ameshika ngazi.

"Bi Tinay, kumbe ninyi wote ni wa Arrozal?"

"Arrozal gani? Ile ya kijani karatasi yake nene. Ya njano inachanika na umande."

Nilikaa chini pale pale. Miezi miwili nimekesha na wasiwasi kwamba Arrozal anashinda na dada yangu harudi, nikafikia kughushi hesabu, kumbe nilikuwa napima unene wa karatasi. Nilipomweleza Delfa alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Hakusema kwa kuwa alinionea huruma. Ulisema kweli, huku mtu anaweza kuumbuka hadi kaburini na wote wakamsalimia vizuri.

Jambo la pili. Nanay ana presha ya macho, macho yote mawili. Ilianza mwaka jana. Herufi kubwa zilimsaidia hadi Januari, sasa hazimsaidii. Alinikataza kukwambia, anasema usije kwa sababu ya macho, uje kwa sababu unataka. Mimi nikadhani nitapata njia ya katikati, nikapata hiyo uliyoiona.

Sasa jambo la tatu, ambalo hukuuliza. Hujawahi kuuliza hata mara moja kwa miaka kumi na miwili, na mimi nimejitia hamnazo.

Ni mimi niliyekuletea ujumbe wa Salcorin nyuma ya darasa. Uliniambia, "Toto, wamesikia arobaini na tatu kwa masikio yao. Nitawatazamaje?" Nami nikakujibu, "Weka hiyo moja tu mbele, Manang. Wiki mbili tu watakuwa wamesahau." Nilisema nakuogopea wewe. Uongo. Walikuwa wametishia kulifunga tanuri langu, nami nililiogopea tanuri. Ukaweka saini. Asubuhi yake kijiji kizima kikakusalimia, habari za asubuhi mwalimu, wanatabasamu, na kila siku hivyo hivyo mpaka ukashindwa kutoka nje.

Nawachekesha watu kwa tabiri zangu zote zilizokosea, nawatajia moja baada ya nyingine. Huo wa wiki mbili sijawahi kuutaja kwa mtu. Nisamehe. Si lazima.

Nestor


San Isidro
25 Mei

Manang Charing,

Tunakusalimu sote. Delfa yuko vizuri. Hujajibu, na haki yako ipo. Naandika kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kukuletea namba sahihi mara moja katika maisha yangu.

Arrozal ameshinda. Redio imetangaza nchi nzima na haina shaka. Salcorin ameshajenga tao la maua pale njia panda, lenye picha yake kubwa na ya Rais ndogo.

Kituo chetu kilikuwa darasa lako lile lile. Arrozal 61, Jaji Monteclaro 188, mwanamuziki 22. Jumla 271. Delfa amejumlisha, Bi Tinay amejumlisha, na mwalimu kijana aliyesoma kura alikuwa na sauti nzuri, si kama yako lakini nzuri. Karatasi ikabandikwa mlangoni na namba zilikuwa zile zile tulizosikia. Nilikwenda kuziangalia tena kesho yake.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi, tulikuwa kwenye foleni, jua kali, kila mtu na kipande cha boksi kichwani. Sijui nini kilinipata. Nikasema kwa nguvu, "Jamani, ile mia moja ya mwaka ule, ni mimi niliyemwambia Charing aiandike."

Nikatamani nimezwe na ardhi. Ndipo Bi Tinay akageuka.

"Tunajua, Nestor. Ulitoka nyuma ya darasa unanyata kama mwizi wa kuku."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi dada yako nina hasira naye hadi leo. Siku ile nilimpikia uji nikampelekea hapa hapa, kwa kuwa alikuwa ametuhesabia kwa haki tangu mchana. Nikasikia arobaini na tatu, nikaenda zangu nimeridhika. Kesho yake nasoma mlangoni kitu kingine! Nilitaka nimwambie usoni. Kila nikienda kwake nashindwa, namwambia habari za asubuhi. Siku nimejipa moyo, naambiwa amepanda ndege."

"Bi Tinay, nitamwandikia."

"Mwandikie. Mwambie aje nimtukane, kisha tunywe kahawa. Anakaa huko ng'ambo na hasira zangu za nini? Azirudishe."

Mzee mmoja nyuma akadakia, "Na wewe Nestor, kwa kuwa leo tunasema, mkate wako una chumvi." Foleni nzima ikaitikia ndiyo, mpaka askari mlangoni. Nilifurahi, Manang. Nilikaribia kulia.

Nanay tulimpeleka Iloilo. Daktari anasema amechelewa mno kuletwa. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga na kivuli cha mtu, na hilo nalo halina muda.

Sikuulizi kama utarudi. Na sitatabiri.

Nestor


Hong Kong
8 Juni

Toto,

Namsalimu Delfa, na nawasalimu wote waliokuwa kwenye foleni ile.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro, nikailalia siku arobaini. Nilikukasirikia sana. Bado kidogo. Nitamalizia nikifika, usijifiche.

Wewe uliileta ile sentensi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, si mtoto. Miaka yote hii nimesema narudi watu fulani wakishindwa, na wameshawahi kushindwa mara mbili, nikatafuta sababu nyingine. Jaji angeshinda ningeanza kumngoja gavana. Kumbe sikuwa nangoja mshindi yeyote. Nilikuwa nangoja mtu mmoja wa pale kijijini aniambie ana hasira nami. Nimeisoma sehemu ya Bi Tinay kwa sauti pale uwanjani, juu ya maboksi, na wanawake thelathini wakalia na mimi, hata wale ambao hawakuelewa tunalia nini.

Kwa hiyo Arrozal ni Rais, Salcorin ana tao, na mimi narudi. Tao lake nitapita chini yake, hakuna njia nyingine ya kutoka bandarini. Bi Kwok nilimuaga jana. Alihesabu karoti, akakosea, akaanza upya, akakosea tena, nikamwacha aegemee bega langu.

Nafika tarehe 20, boti ya saa nne asubuhi kutoka Iloilo. Usimwambie Nanay, nataka nimshtue.

La, mwambie. Mwambie leo hii, wakati bado anaona kivuli, ili kitakaposimama mlangoni ajue ni mimi.

Charing